Muhula wa Mzani

Jumatatu, 8 Januari

Shule zimefunguliwa leo. Kumbukumbu za kazi naziandika kule ofisini, lakini zile zinasomwa na watu wengi mno. Hizi ni zangu, na humu nitasema ninachokiona.

Habari yenyewe ni hii. Sisi wauguzi wawili wa afya ya shule tumepeleka pendekezo halmashauri: soda, juisi za rangi na peremende zisiuzwe ndani ya shule za serikali, kipindi cha michezo kisimezwe na masomo ya ziada, na kila shule iwe na maji ya kunywa yanayonyweka. Mwaka jana kliniki yetu ilipokea mtoto wa darasa la saba mwenye sukari ya watu wazima. Mwingine alikuwa na presha. Nilimpima mara mbili nikidhani mashine imeharibika.

Mwenyekiti wa kamati ya elimu na afya alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Takwimu za vitabuni nimezichoka. Nileteeni za watoto wetu wenyewe kabla muhula haujaisha, nitapigisha kura." Alisema akitabasamu. Mwanasiasa akitabasamu, mimi hushika mkoba wangu.

Jumatano, 10 Januari

Tumeanza na darasa la sita. Shule ni ile kubwa iliyo nyuma ya kliniki, ndiyo iliyochaguliwa kuziwakilisha nyingine, na kila Jumatano tutapima darasa moja. Mwalimu Mkuu ametupa varanda mbele ya ofisi yake kwa sababu, kwa maneno yake, hapo kuna kivuli. Kivuli kipo. Ila pia hapo ananiona vizuri kupitia dirisha lake.

Upande wa pili wa uwanja ni duka la shule, limepakwa rangi nyekundu na kampuni ya soda, na friji lake limetolewa na kampuni hiyo hiyo. Kodi ya duka ndiyo inayonunua chaki, anasema Mwalimu Mkuu. Mama Duka alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akituangalia kama tumekuja kumvunjia nyumba.

Walimu wanatuita Sista Mkubwa na Sista Mdogo. Mkubwa ni mimi. Mwenzangu ana miaka miwili tu kazini, mpole, anaongea mpaka umsogelee ndipo usikie. Mimi nasoma mzani, yeye anaandika. Utaratibu ni ule ule wa kliniki ya watoto wachanga: msomaji anataja kwa sauti, mwandishi anarudia, msomaji anathibitisha. Kosa halipiti hapo. Na sauti ninayo, nimeita wagonjwa kwenye korido tangu niko kijana.

Tulipofika kama mtoto wa kumi, Sista Mdogo akaninong'oneza, "Dada, hatuwezi kuingia ndani tukafunga mlango? Tusome taratibu tu."

"Kwa nini?"

"Watoto wanasikia."

"Wasikie, ni afya yao. Tunaficha nini?"

Akarudi kwenye fomu yake. Lakini machale yalinicheza. Tangu lini mwandishi mwaminifu akaogopa kusikika?

Binti alikuwa kwenye foleni. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, anakaa kwetu tangu baba yake alipohamishwa kikazi. Zamu yake ilipofika sikumpendelea, nikamsoma kama wengine: "Hamsini na nane!" Sista Mdogo akarudia kwa sauti yake ya mbu, nikathibitisha. Binti akashuka akiangalia viatu vyake.

Mwalimu Mkuu akatoka kunitania, "Muuguzi, na wewe umeshaupanda huo mzani?" Mimi si mwembamba, najua. Nikacheka meno nje, na moyoni nikamweka kwenye orodha.

Alhamisi, 11 Januari

Joto. Binti hakumaliza chai, anasema tumbo.

Jumatano, 17 Januari

Darasa la tano. Watoto wengi hawakuwepo. "Mafua," alisema mwalimu wao. Mafua gani katika joto hili la kuokea mkate?

Tulipokuwa tunafungasha vitu nikapita nyuma ya duka, nikakuta watatu kati ya hao wenye mafua wamekaa kwenye kreti za soda. Vifua safi, mashavu yamejaa. Waliponiona wakatimka. Mtoto mzito hakimbii vile bila sababu. Kuna mtu amewatisha.

Nikamsimulia mume wangu. Yeye ni fundi wa mafriji, kila tatizo kwake ni waya umelegea mahali.

"Labda wanaogopa sindano," akasema.

"Hatuna sindano."

"Wao wanajua?"

Nikamwambia ale.

Jumatano, 24 Januari

Darasa la saba. Safari hii nilimwomba mwalimu anionyeshe madawati yaliyo tupu na aniambie ni ya nani. Akanitajia mmoja mmoja, na kwa kila mmoja akapanua mikono kidogo kuonyesha umbo. Wote wanene. Wembamba wamekuja hadi wenye homa.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Wazito wasipopimwa, karatasi yetu itasema watoto wa hapa hawana tatizo lolote. Pendekezo litakufa, na litakuwa limeuawa na takwimu zetu wenyewe. Anayefanya hivi si mjinga. Anajua hesabu, na anajua kamati inataka nini.

Alhamisi, 25 Januari

Nani anafaidika? Mama Duka, bila shaka. Mwalimu Mkuu na chaki zake. Kampuni ya soda inamtuma kijana mmoja mwenye tai nyekundu, kila wiki yupo pale shuleni anagawa rula na kofia. Nimeshamwona akimpa Mwalimu Mkuu mkono kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

Lakini hawa wote hawajui mtoto yupi ni mzito kwenye darasa lipi. Hilo tunalijua wenye fomu. Yaani mimi na mwenzangu.

Sitaki kuandika ninachofikiri.

Jumanne, 30 Januari

Nimeshaandika, basi niandike yote.

Jana jioni nilimwambia Sista Mdogo, na yeye peke yake, kwamba tutabadilisha siku: badala ya Jumatano tutakwenda leo Jumanne, darasa la nne. Mwalimu Mkuu mwenyewe alishtuka alipotuona getini. Darasa lilijaa pomoni. Nikafurahi, nikasema leo nimewapata.

Tukaweka mzani varandani. Sista Mdogo akasema anakwenda msalani. Akakawia. Nikaanza kuita majina, na majina yakaanza kukosa wenyewe. Watoto niliowaona kwa macho yangu wakiingia asubuhi hawapo!

Nikaacha kila kitu, nikazunguka nyuma ya madarasa. Yuko pale, amechuchumaa, amezungukwa na watoto wanne wanene wa darasa la nne. Na Binti wangu wa darasa la sita, ambaye hakuwa na shughuli hapo, amesimama pembeni. Walikuwa wanaongea chini chini. Walipoona kivuli changu, kimya.

"Mnaongea nini?"

"Tulikuwa tunaongea tu, dada."

"Mnaongea nini?"

"Nitakwambia jioni, tukiwa wawili."

Tukiwa wawili! Ili apange maneno. Jioni alinifuata ofisini nikamwambia nina wagonjwa. Sikuwa na wagonjwa. Nyumbani nikambana Binti: Sista alikuwa anawaambia nini? Akasema, "Hakuna, shangazi," akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ijumaa, 2 Februari

Nimekwenda kwa Matroni, bosi wetu. Nimemweleza yote niliyoyaona, sikutia chumvi. Nilimwambia mtu anayewatorosha watoto ni wa ndani. Akauliza nina uhakika. Nikasema nimeona kwa macho yangu.

Jumatatu, 5 Februari

Sista Mdogo amehamishiwa kliniki ya ng'ambo ya mto. Matroni hapendi maneno maneno kabla ya kikao cha kamati, kwa hiyo hakukuwa na mjadala wala kuulizana.

Alikuja kuchukua kikombe chake na sweta. Nilitegemea alie, au anitukane, ningejua la kufanya. Alisimama mlangoni akasema, "Dada, ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungesema ukweli?"

Akaondoka. Mtu asiye na hatia hupiga kelele. Mbona yeye hakupiga?

Jumatano, 7 Februari

Mvua ya kwanza. Darasa la sita mkondo wa pili. Mwalimu wa darasa ndiye aliyeniandikia, na kwa kuwa mabati ya varanda yanapigwa na mvua, ilinibidi nipaze sauti zaidi. Nimekauka koo.

Waliokosekana ni wengi kuliko siku zote.

Nimesoma sentensi hiyo mara kadhaa. Sista Mdogo hayupo, yuko ng'ambo ya mto. Kwa hiyo, ama aliacha mtu nyuma yake, ama.

Ijumaa, 9 Februari

Leo nimegundua kwamba fundi anayelihudumia friji la Mama Duka ni mume wangu. Ndiyo, huyu ninayempikia! Nimemkuta pale dukani amelala chali chini ya friji, tochi mdomoni, na Mama Duka anamshikia bisibisi.

"Tangu lini?" nikamuuliza nyumbani.

"Tangu liletwe. Nilikwambia."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia ukasema nile."

Nikamuuliza anaongea nini na Mama Duka. Akasema wanaongea habari za friji. Nikamuuliza kama amewahi kumwambia ratiba yangu. Akaweka kijiko chini, akaniangalia kama anavyoangalia mashine inayovuma bila kupoza. "Mke wangu," akasema, "ukimaliza kunichunguza mimi, mchunguze na paka."

Sikucheka. Binti ndiye aliyecheka, kidogo, kisha akasukuma sahani yake kwangu, wali wote upo.

Jumatano, 14 Februari

Mvua. Tumerudia darasa la nne, nusu tu.

Nimesimama getini wakati wa kutoka, chini ya mwavuli, nasikiliza. Watoto hawa wana lugha ya siri. Wanaitana kwa namba. "Sitini na Moja, rudisha mpira!" "Arobaini na Tisa kaanguka kwenye tope!" Halafu wanacheka kicheko kile cha pamoja. Mwanzo nilidhani ni namba za jezi, lakini hakuna aliyevaa jezi. Kuna mtu amewafundisha ishara. Nimeuliza mwalimu wa zamu, akatazama pembeni, akasema watoto ni watoto.

Hata mwalimu wa zamu anajua.

Alhamisi, 15 Februari

Ripoti imekwenda halmashauri. Matroni ameipeleka kama ilivyo. Kwa mujibu wa karatasi ile, watoto wa shule yetu ni wembamba kuliko wa nchi yoyote niliyowahi kuisoma.

Jumamosi, 17 Februari

Mvua ilikatika asubuhi nikasema tufue. Nikachukua sketi ya shule ya Binti, nikaona kiuno kimeshikizwa kwa pini mbili. Nikamwita aivae nione. Ilimzunguka mwilini kama imeazimwa.

"Umepungua lini hivi?"

Akazifunika pini kwa kiganja.

"Chakula cha shule unakula?"

"Nampa rafiki yangu."

"Na cha hapa?"

"Shangazi, Jumatatu sitaki kwenda shule."

Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikasema sasa ndiyo napata ukweli wote. Nikamuuliza kwa upole, upole ule wa kumtega mtu, "Nani amekuambia usiende? Ni Mama Duka? Ni Sista Mdogo? Usiogope, nitajie tu."

Akaniangalia. Ana macho ya kaka yangu, na sikuwahi kuyaona yamekasirika hivyo.

"Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Mimi siitwi jina langu tena. Naitwa Hamsini na Nane. Darasani, chooni, kwenye foleni ya maji. Hata wa darasa la kwanza. Mwalimu wa hesabu aliandika hamsini na nane ubaoni, darasa zima likageuka kuniangalia, naye akacheka."

Nilikuwa nimeshika sketi yenye povu, maji yananitiririka kwenye viwiko.

"Ulilisema mara mbili, shangazi. Na Sista akalisema, lakini yeye hakusikika. Wewe ulisikika mpaka dukani. Mama Duka alisema 'masikini' akanipa biskuti."

"Na wale wanaotoroka?"

"Wanatoroka sauti yako. Wakiuona tu mzani wanaruka ukuta wa nyuma. Hakuna aliyewaambia."

"Siku ile nyuma ya madarasa, Sista Mdogo alikuwa anawaambia nini?"

"Aliwauliza kwa nini wanakimbia. Mimi nilimpeleka kwao. Akasema Jumatatu waende kwake kliniki baada ya masomo, atafunga mlango, hatasema kitu kwa mdomo, ataandika tu. Wakakubali. Mdogo wake Arobaini na Tisa alikubali kabisa." Akafuta pua kwa mkono. "Walipokwenda wakaambiwa amehamishwa."

Nilitaka kusema ni utaratibu, kwamba hivyo ndivyo tulivyofundishwa ili namba isikosewe. Na ni kweli ndivyo tulivyofundishwa. Kwenye kliniki ya wachanga ukitaja kilo nne kwa sauti, mama anapigiwa vigelegele. Sikuwahi kujiuliza mtoto wa miaka kumi na miwili anasikia nini.

Mwezi mzima nimemtafuta mchawi, nikamhamisha mtu, nikamhoji mume wangu habari za friji. Na mchawi alikuwa anavaa gauni langu jeupe.

Binti aliichukua sketi mikononi mwangu akaimalizia yeye mwenyewe kufua.

Jumapili, 18 Februari

Mvua. Nimeona aibu kushika kalamu.

Jumanne, 27 Februari

Kikao cha kamati. Ukumbi ulikuwa na unyevu na harufu ya makoti yaliyolowa. Madiwani, Mwalimu Mkuu, Matroni, na mbele kabisa kijana wa tai nyekundu akiwa na nakala ya ripoti yetu, ameipigia mistari ya rangi. Nilimwona anavyoishika, nikajua tumekwisha.

Akasimama. Sauti tamu. "Waheshimiwa, mimi sina takwimu zangu. Nazisoma za wauguzi wetu wapendwa. Wao wenyewe wanasema watoto wa shule hii hawana tatizo la uzito. Sasa sheria ya nini? Tumfungie mama maskini duka lake kwa ugonjwa ambao haupo?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti akanigeukia na tabasamu lake. "Muuguzi, hizi si takwimu zako?"

Matroni alinikanyaga mguu chini ya meza. Najua alichotaka: niseme watoto waliumwa, niseme mvua. Mvua ingetosha, kila mtu pale alikuwa amelowa.

Nikasimama. "Ni zangu, mheshimiwa, na hazifai."

Ukumbi ukavuma. Nikaeleza. Kwamba watoto wazito walikimbia wasipimwe. Kwamba hawakufukuzwa na duka wala na mwalimu. Nilipofika kwenye sehemu yangu niliisema pia: nilizitaja kilo zao mbele ya wenzao, kwa sauti, wakapewa namba badala ya majina. Mwenzangu aliligundua hilo, nami nikamsingizia akahamishwa.

Tai Nyekundu akaona nafasi. "Kwa hiyo mnakiri hamjui hata kupima! Na tena, mama, samahani, wewe mwenyewe unayetuhubiria, una kilo ngapi?"

Kicheko kikalipuka. Madiwani, walinzi, hadi mwandishi wa kikao alifunika mdomo. Walikuwa wananiangalia kiuno. Miguu yangu, miguu ya mtu mzima mwenye wajukuu wawili, ikatafuta mlango. Ningekuwa na ukuta wa nyuma ningeuruka.

"Sitasema," nikajibu.

"Si ni afya yako?" akasema, akiwageukia watu ili wacheke tena.

"Ni afya yangu. Lakini sitaki kuisema mbele yenu mnaocheka. Na watoto wale nao hawakutaka. Mimi nina umri huu na mmenicheka mara moja tu, miguu yangu imetaka kukimbia. Wao wanachekwa tangu Januari, halafu wakitoka nje wakiwa na uchungu, kitu cha karibu cha kujituliza ni friji lako."

Hakuna aliyecheka. Diwani mmoja mama, mnene kama mimi, alikuwa anatazama mikono yake.

Mwenyekiti aliacha kutabasamu, nikamwona uso wake kwa mara ya kwanza. "Muhula bado una wiki nne," akasema. "Leteni takwimu zinazofaa. Zikikosekana, jambo hili nalifunga."

Matroni hakuniaga.

Jumamosi, 2 Machi

Nimevuka mto. Maji yamefika chini kabisa ya daraja, nimevuka nimeshika kamba na viatu mkononi. Nilimkuta Sista Mdogo anapanga dawa kwenye kabati. Njia nzima nilikuwa nimetunga hotuba. Nilipomwona nikasema tu, "Nimekukosea, mwenzangu. Nisamehe."

Aliendelea kupanga mpaka rafu ikaisha.

"Ulinionaje kwanza, dada? Ulidhani nimelipwa?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Sikufika huko. Nilikuwa bado natafuta."

Hakucheka, ingawa nilitumaini. Akasema mama yake aliuliza kwa nini amehamishwa, na hakuwa na jibu la kumpa. Nikamwambia nimeshamwandikia Matroni ukweli, na nitakwenda kwa mama yake kama ataniruhusu. Akasema tutaona.

Kisha akataja masharti, kwa ile ile sauti ya chini, na nilisikia kila neno. Chumba chenye mlango. Mtoto mmoja mmoja, mwenye kutaka. Yeye peke yake atasoma na kuandika, na mzani utageuzwa usomeke upande wake. Jina lisiandikwe.

"Na mimi nitafanya nini?"

"Wewe utakaa nje. Kazi yako ni kunyamaza."

Nikakubali. Njiani kurudi nikajikuta najiuliza kwa nini amekubali kirahisi hivyo, ana lengo gani. Nikajikaripia pale pale darajani. Tabia haitoki kwa mvua moja.

Jumatano, 13 Machi

Mwalimu Mkuu ametupa stoo ya vifaa vya michezo. Mipira yenyewe haina upepo. Nilikaa nje kwenye benchi, mvua inanipiga magoti, mlango umefungwa.

Saa nzima hakuja mtu. Watoto wakachungulia kwenye kona, wakaniona, wakarudi. Nikaelewa. Nikabeba benchi langu nikalipeleka mbali, karibu na duka la Mama Duka. Yule mama akanitazama, akanisogezea kipande cha plastiki nijifunike.

Ndipo akaja mmoja. Akaingia, akatoka, akatembea tu. Wenzake wakamvamia: "Kasemaje? Kasemaje?" Akasema, "Hakusema kitu." Baada ya hapo wakaanza kupanga foleni wenyewe.

Jumatano, 20 Machi

Wamekuja hadi waliopimwa zamani, wanataka wapimwe upya. Wale waliokuwa wanaruka ukuta, wote. Binti hakuja. Sikumwambia kitu. Nimejiuma ulimi mpaka unauma kweli.

Anakula nusu sahani sasa. Nahesabu kwa jicho la pembeni, naye ananiona nikihesabu.

Jumatano, 27 Machi

Kura imepigwa.

Sista Mdogo ndiye aliyesoma takwimu. Ukumbi mzima ulilazimika kuinama mbele ili umsikie, na kwa sababu waliinama, walisikia. Watoto wa shule yetu si wembamba hata kidogo. Tai Nyekundu alijaribu kusema takwimu za leo zinapingana na za mwezi uliopita. Yule diwani mama akamwambia akae.

Imepita, kwa kura chache. Soda na peremende hazitauzwa ndani ya geti, kipindi cha michezo kinarudi, na watoto watapimwa kila muhula, ndani ya chumba, bila kutangaza. Kisima cha maji kimepita bila mtu hata mmoja kupinga, jambo linalonifanya nijiulize ni ndugu wa nani anachimba visima. Nitalichunguza. Mama Duka amepewa muda wa kubadilisha bidhaa, amemwambia mume wangu ataweka matunda kwenye friji, na mume wangu amemwambia matunda yatalizidishia kazi.

Nilipofika nyumbani Binti alikuwa mezani anafanya kazi ya shule. Nikamweleza. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo kila muhula tutapimwa?"

"Kila muhula. Anayetaka."

"Na Sista Mdogo?"

"Amerudishwa. Ataanza Jumatatu."

Akaandika kidogo. Akafuta. Akaandika tena.

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nje. Mbali na mlango."

Akafunga daftari, na mimi nikasimama pale na koti langu linalodondosha maji sakafuni, nangoja kama mtu anayengoja majibu ya maabara.

"Basi nitakuja," akasema.